Nyumba ya Kisasa Penye Mteremko

Nchi ya Meru na Embu imekaa juu ya miteremko ya Mlima Kenya, upande wa mashariki na kusini-mashariki. Mito ishukayo mlimani imeikata nchi ikawa migongo na mabonde, hata mahali tambarare ni haba, na mara nyingi pamekwisha kupandwa kahawa au chai. Kwa hiyo mtu atakaye kujenga nyumba ya mawe na mabati huenda akabakiwa na kiwanja kilichoinama. Kiwanja cha namna hiyo si kibaya, ila chataka akili kabla ya fedha.

Kosa lililo kubwa ni hili. Mwenye nyumba hukata kilima upande wa juu, hutupa udongo upande wa chini, kisha hujenga juu ya uwanja alioupata. Uwanja huo huonekana mmoja, kumbe ni miwili: nusu ni ardhi ya asili iliyo imara, na nusu ni udongo wa kujaza, ambao hushuka mvua inapouloweka. Basi nusu ya nyumba husimama, nusu huzama, na ukuta hupasuka katikati. Mapato ya kahawa ya miaka mingi hupotea hivyo.

Yafaa nyumba iifuate nchi. Iwe ndefu na nyembamba, ilale kukingama mteremko kama matuta ya shambani. Msingi uchimbwe kwa ngazi hata kufikia ardhi ngumu, na kila ngazi iwe sawasawa. Sakafu zaweza kuwa mbili, vyumba vya kulala juu na sebule chini, na vidato vichache kati yake.

Adui wa pili ni maji. Mvua kubwa hunyesha mara mbili kwa mwaka, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba. Upande wa juu wa nyumba uchimbwe mfereji wa kuyakinga maji na kuyapeleka kando penye majani, wala si kwa jirani. Ukuta wa kuzuia udongo uachiwe matundu ya kutolea maji, na kingo zipandwe majani ya nepia, ambayo hushika udongo na kulisha ng'ombe.

Maji ya paa nayo ni mali. Paa la mita za mraba 100, mvua ikinyesha milimita 10, hupokea lita 1,000. Lakini lita 1,000 zina uzito wa kilo 1,000. Kwa hiyo tangi liwekwe juu ya ardhi imara, kamwe si juu ya udongo wa kujaza.

Wageni watasifu rangi na madirisha, wala hapana atakayeusifu msingi. Hata hivyo, mwenye kuuliza fedha za kwanza ziende wapi, na azipeleke chini ya sakafu.