Utangulizi wa Elimu ya Mkaa Mbadala

Kwenye kila banda la mkaa hubaki rundo la chenga na vumbi ambalo mnunuzi halitaki. Gharama yake imekwisha kulipwa: mti umekatwa, tanuri limewaka, lori limesafiri. Lakini vumbi likimwagwa jikoni huziba hewa, na moto hufa. Karibu, msomaji, katika elimu inayoshughulika na tatizo hilo, yaani kuzishikanisha chembe ziwe kipande kinachowaka, kinachobebeka na kinachouzika, kiitwacho briketi.

Wanaoanza huuliza kwanza bei ya mashine. Mimi ningewaomba waanze na gundi. Mbao na mabua yana lignini, ambayo ikipashwa joto na kukandamizwa kwa nguvu hulainika na kuzigandisha chembe, ndiyo maana unga wa mbao waweza kuwa kigogo kigumu bila kuongezwa chochote. Vumbi la mkaa halina bahati hiyo, kwa kuwa lignini yake imeshaharibiwa na joto la tanuri. Hapo ndipo uji wa muhogo unapoingia. Uji huungua pamoja na mkaa na hauongezi majivu ya kutajika, ila kipande kisipokauka vizuri huota ukungu, na kikinyeshewa humeguka. Udongo wa mfinyanzi hupatikana bure sehemu nyingi, lakini hauungui: kilo ya udongo uliyotia itabaki jikoni kama majivu, yakilifunika kaa na kupunguza joto. Mwenye kuuza kwa uzito hushawishika kuongeza udongo. Mpishi hulijua jambo hilo siku ya kwanza, na harudi tena.

Malighafi nayo ina tabia zake. Vifuu vya nazi hutoa mkaa mgumu wenye majivu machache. Pumba za mpunga ni kinyume chake, kwani karibu sehemu moja ya tano ya uzito wake ni majivu, mengi yakiwa silika. Kwa hiyo fundi wa pumba wa Kyela hawezi kunakili kipimo cha fundi wa vifuu wa Pangani na kutegemea moto uleule.

Fani hii si ngeni duniani. Ujerumani ilipata kiwanda chake cha kwanza cha briketi za makaa ya mawe ya kahawia mwaka 1858, huko Ammendorf karibu na Halle, na mashinikizo yake yalitokana na kazi ya Carl Exter ya kukandamiza mboji ya kinamasi. Marekani, katika miaka ya 1920, Henry Ford aligeuza mabaki ya mbao za magari yake kuwa briketi za mkaa huko Michigan. Kwetu Tanzania, Shirika la Madini la Taifa (STAMICO) hutengeneza briketi za makaa ya mawe, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034.

Kuhusu makaa ya mawe sifichi msimamo wangu. Yanaweza kuuokoa msitu, na hilo si jambo dogo, lakini hayaoti tena, na salfa iliyomo hutoka na moshi isipodhibitiwa kiwandani. Tena briketi ya aina yoyote, hata isiyotoa moshi, huzalisha monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Jiko lililowashwa ndani ya chumba kilichofungwa huua watu usingizini. Asiyemweleza mteja hayo asiuze.

Basi kabla ya kununua mashine, chukua vumbi, uji na kipande cha bomba, shindilia kwa mkono, kisha anika. Pima uzito kila siku mpaka usipungue tena. Dondosha kipande kutoka usawa wa kiuno uone kama kitavunjika. Halafu mpe mpishi asiyekuwa wa nyumbani kwako vipande kadhaa achemshie maharage, kando ya jiko lenye mkaa wa kawaida wa uzito uleule, nawe uandike muda wa kuiva, uzito wa majivu, na kila analolalamikia.