Askofu Bartolomewos na Watu wa Jumamosi

Wajukuu zangu, hapa Mboko mnawajua Wasabato wanaosali Jumamosi, na mnawajua Wakatoliki na Wapentekoste wanaosali Jumapili. Kila mtu ana siku yake, na Jumatatu wote mnakaa darasa moja. Sasa sikieni jinsi siku hizo mbili zilivyoligawa kanisa la Ethiopia kwa zaidi ya miaka 100.

Katikati ya ugomvi huo alisimama askofu mmoja, Abuna Bartolomewos. Hakuwa Mhabeshi, alikuwa Mkopti wa Misri. Desturi ya kale ilitaka askofu mkuu wa Ethiopia atoke kwa Patriarki wa Aleksandria. Askofu akifa, mfalme hutuma wajumbe na zawadi mpaka Kairo, na sultani wa huko naye lazima aridhie, hivyo miaka ingeweza kupita kiti kikiwa kitupu. Bartolomewos alifika mwishoni mwa karne ya 14, akakaa kwenye kiti hicho zaidi ya miaka 30, mgeni katika nchi ya milima.

Mgeni huyo lakini alikuwa na uwezo wa ajabu. Katika nchi nzima, yeye peke yake ndiye aliyeweza kuwawekea mikono mapadri na mashemasi. Asipokuwekea mikono, hupati padri, na pasipo padri hamna misa. Shikeni neno hilo, maana kisa chote kimefungwa hapo.

Kabla Bartolomewos hajaja, mmonaki wa kaskazini aitwaye Ewostatewos alifundisha kwamba Mkristo ashike Jumamosi pamoja na Jumapili, kwa kuwa Sabato imo katika Amri Kumi. Aleksandria ikakataa, ikasema hiyo ni desturi ya Wayahudi. Ewostatewos akaihama nchi, akapita Misri na Yerusalemu, akafia Armenia mwaka 1352. Wanafunzi wake walirudi, wakajenga monasteri katika milima ambayo leo ni ya Eritrea. Wakaishi bila upadri wa askofu, wakijitawala wenyewe, huku makanisa ya wengine yakiwafungia milango.

Mwaka 1400 Mfalme Dawit akawaita wakuu wao mbele ya Bartolomewos. Miongoni mwao alikuwa Abba Filipos wa Debre Bizen. Askofu akawataka waiache Jumamosi. Wakakataa, wakatiwa kifungoni. Mimi simlaumu Bartolomewos kwa kushika mafundisho ya waliomtuma, maana alitumwa kuyalinda. Kifungo ndicho ninachomlaumia. Wale wazee hawakuwa wameiba wala kuua mtu. Walisali siku moja zaidi.

Miaka minne ikapita, Filipos hakulegea. Mwaka 1404 mfalme mwenyewe akaamuru waachiliwe, na watu wa Ewostatewos wakaruhusiwa kushika siku zote mbili. Bartolomewos akabaki na kiti chake na mafundisho yake, lakini hakuweza tena kuwalazimisha. Wao nao walikuwa na siku yao bila upadri kutoka kwake. Kanisa likabaki limepasuka hivyo hata Bartolomewos alipoondoka duniani.

Aliyeliunganisha ni Mfalme Zara Yakob, mwana wa Dawit, aliyeanza kutawala mwaka 1434. Mwaka 1438 walifika kutoka Misri maaskofu wawili, Mikael na Gabriel. Mwaka 1450 mfalme akaitisha mkutano mkubwa Debre Mitmaq, katika nchi ya Shewa. Maaskofu wakakubali Jumamosi iheshimiwe, na watu wa Ewostatewos wakakubali kupokea upadri kutoka mikononi mwa maaskofu. Kila upande ulitoa kitu ulichokuwa umekikatalia tangu zamani.

Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia linaiheshimu Jumamosi pamoja na Jumapili hadi leo. Desturi ya kuletewa askofu mkuu kutoka Misri nayo ilidumu karne nyingi baadaye: patriarki wa kwanza Mhabeshi, Abuna Basilios, alitawazwa mwaka 1959.