Chama cha Heshima cha Wanafunzi: Chanzo Chake na Maana Yake

Mkimbiaji wa kwetu akirudi kutoka ng'ambo na nishani, Eldoret nzima hujua. Wazee humlaki kwa kibuyu cha mursik, na akina mama hupiga vigelegele. Lakini mtoto aliyepata alama ya A katika mtihani wa kidato cha nne hulakiwa na nani? Baba yake humpa mkono, majirani humsifu siku mbili, na habari zake husahauliwa kabla ya mahindi mapya kupandwa. Yafaa basi, ndugu msomaji, tujue jinsi wenzetu wa Marekani walivyolitengeneza jambo hili.

Tarehe 5 Desemba 1776, wanafunzi wa Chuo cha William and Mary, mjini Williamsburg, walianzisha chama kiitwacho Phi Beta Kappa. Baadaye chama hicho kikawa alama ya heshima kwa wasomi wa vyuo vikuu. Shule za sekondari zilingoja muda mrefu kupata chama kimoja cha nchi nzima. Mwaka 1921, umoja wa wakuu wa shule za sekondari uliunda Chama cha Taifa cha Heshima. Aliyeongoza shauri hilo ni Bwana Edward Rynearson, mkuu wa shule ya Fifth Avenue mjini Pittsburgh, na tawi la kwanza lilifunguliwa katika shule yake.

Chama hicho kina nguzo nne: elimu, utumishi, uongozi na tabia njema. Alama za juu ni mlango tu. Mwanafunzi akiisha kuupita, baraza la walimu watano humpima: je, amewasaidia watu gani? Akipewa kazi, huimaliza? Husema kweli? Mkuu wa shule hana kura katika baraza hilo. Tena, aliyechaguliwa hana ruhusa ya kulala. Akiacha utumishi au akiharibu mwenendo wake, aweza kuondolewa, baada ya kupewa nafasi ya kujitetea.

Mkulima ataelewa upesi. Hachagui mbegu kwa kutazama ukubwa wa gunzi peke yake. Hutazama pia kama bua lilisimama imara upepo ulipovuma.

Jambo hili si la mbali nasi. Mwaka 2004, Mike Boit, aliyepata nishani ya shaba katika mbio za mita 800 mjini Munich mwaka 1972, alishirikiana na mwandishi John Manners kuanzisha mpango wa KenSAP. Mpango huo uliwatayarisha huko Iten vijana waliofaulu sana, ili waombe nafasi katika vyuo vikuu vya Marekani. Huko kijana haulizwi alama zake tu. Huulizwa pia amefanya nini kwa ajili ya watu wake. Mzazi ambaye hajapata kumwuliza mwanawe neno hilo amempeleka sokoni na kikapu nusu.

Basi siku ya tuzo shuleni, tusiwapigie makofi wenye alama tu. Tumwite mbele pia yule aliyewafundisha wenzake hesabu jioni, na yule aliyeokota fedha akazirudisha. Mtoto akija na ripoti yake nyumbani, tuisome, tumpongeze, kisha tumwulize: "Muhula huu, mwanangu, umemsaidia nani?"