Kufundisha Ulinzi wa Urithi wa Utamaduni

Somo juu ya wizi wa vitu vya kale mara nyingi hufundishwa kama onyo tu: usiibe, usiuze. Onyo peke yake halimpatii mtoto maarifa. Yafaa kwanza aelewe jinsi uhalifu huu unavyotendeka, na mfano tunao hapa nchini.

Mwaka 1984 wezi waliiba vitu kadhaa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, kikiwamo kinyago cha kuvaa cha Wamakonde. Mwaka uliofuata kinyago hicho kilinunuliwa mjini Paris kwa ajili ya makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva. Kilitambuliwa mwaka 1990, lakini hakikurejeshwa hadi Mei 2010, kwa usuluhishi wa Baraza la Kimataifa la Makumbusho. Kwa nini miaka 20? Tanzania iliridhia mwaka 1977 mkataba wa UNESCO wa 1970 unaozuia biashara hiyo; Ufaransa iliuridhia mwaka 1997 na Uswisi mwaka 2003. Kinyago kiliponunuliwa, nchi hizo mbili zilikuwa bado nje ya mkataba. Jambo hili wanafunzi wa Darasa la Sita hulielewa vema likichorwa kwa mishale ubaoni.

Kitu kisichoandikwa popote ni vigumu kukidai. Kwa hiyo mwananchuo anayefanya mazoezi ya kufundisha Kibaoni na awape wanafunzi kazi ya kuandika kadi. Kinu, chungu, au kafi la mtumbwi wa mto Kilombero vyatosha. Wapime kwa rula, wataje kimetengenezwa kwa nini, wakichore, kisha watafute alama ambayo kingine cha aina hiyo hakina: ufa, kovu la moto, mahali palipozibwa. Utaratibu wa namna hii ulitangazwa kimataifa mwaka 1997 kwa matumizi ya makumbusho, polisi na forodha. (Hesabu nayo hufundishika humo humo.)

Hapa pana hatari ambayo mipango mingi ya somo haiigusi. Mtoto akiambiwa alete “kitu cha kale”, huenda akachukua kitu cha matambiko bila idhini ya babu yake, na kona ya utamaduni darasani ikawa hatua ya kwanza ya upotevu. Vivyo hivyo, orodha ya makaburi na mahali patakatifu iliyobandikwa ukutani humwonyesha mwizi njia. Mwalimu aombe ruhusa kwa wazee kwanza. Vitu wasivyotaka viandikwe, visiandikwe.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa 1979, hulinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na hairuhusu kuvisafirisha nje bila kibali. Dakika tano zatosha kwa hilo.

Kadi zikikamilika, kila kitu kirudi kwa mwenyewe siku ile ile, naye apewe nakala moja.