Filamu ya Mapanki: Tumsifu Sauper, Lakini Tumpime

Ni wageni wachache waliozusha ubishi mkubwa kandokando ya Ziwa Viktoria kama Hubert Sauper, mtengenezaji wa filamu mzaliwa wa Austria. Filamu yake “Darwin's Nightmare”, ambayo sisi huku tumezoea kuiita filamu ya mapanki, ilitoka mwaka 2004. Mwaka 2006 ilitunukiwa tuzo ya César nchini Ufaransa na kushindania Oscar huko Marekani. Mwaka huo huo Rais Jakaya Kikwete aliishutumu hadharani kuwa inalichafulia taifa jina. Tangu hapo Sauper ametoa filamu nyingine kubwa mbili. Umefika wakati wa kumpima kwa utulivu, pasipo hasira na pasipo kumwabudu.

Sifa alizo nazo hakuziokota njiani. Mwaka 1997 aliwafuata wakimbizi wa Kinyarwanda waliotawanyika katika misitu ya Kongo, akawaonyesha walimwengu watu ambao walimwengu hawakutaka kuwaona. Mkoa wa Kagera, uliowapokea wakimbizi kwa mamia ya maelfu huko Ngara mwaka 1994, hauhitaji kuelezwa thamani ya kazi hiyo.

Katika filamu ya mapanki vilevile, jicho lake lilikuwa kali na lenye huruma. Alimsikiliza mlinzi wa usiku mwenye upinde na mishale. Alimsikiliza mwanamke aliyeimba wimbo wa kuisifu Tanzania, ambaye aliuawa kabla filamu haijakamilika. Aliuliza swali ambalo mvuvi yeyote wa Bumbire au Ikuza analielewa: kwa nini minofu ya sangara ipande ndege kwenda Ulaya, na mwenye ziwa abakiwe na kichwa na mifupa? Wapo waliokana kwamba mapanki huliwa na binadamu. Ukanushi huo haukumsaidia mtu, kwa maana mwenye kuyanunua sokoni anajua ayapikavyo.

Hata hivyo, kusema kweli nusu si kusema kweli yote. Sauper aliunganisha ndege za minofu na biashara ya silaha, lakini kamera yake haikuonyesha hata sanduku moja la silaha likishushwa Mwanza. Alitegemea maneno ya marubani na minong'ono ya mji. Ni haki kukumbuka pia kwamba mwaka 2008 mahakama ya Paris iliamua kuwa mwanahistoria François Garçon, aliyeishambulia filamu hiyo, alimkashifu Sauper. Lakini kushinda kesi ya kashfa ni jambo moja, na kumthibitishia mtazamaji madai mazito ni jambo jingine.

Kuna pungufu jingine ambalo kwa watu wa visiwani ni zito zaidi. Mvuvi wa filamu ile ni mtu wa kuhurumiwa tu. Hatumwoni mwenye mtumbwi akipiga hesabu ya mafuta na nyavu, akibishana bei na wakala, au akilipa karo ya mtoto kwa fedha ya sangara. Samaki huyo, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950, amekula furu wetu wengi. Lakini pia ameezeka nyumba nyingi kwa bati hapa Muleba. Mambo hayo mawili ni kweli kwa pamoja, na msanii mkubwa alipaswa kuyabeba yote mawili.

Katika kazi za baadaye uzuri na udhaifu huo vimeendelea kufuatana. Katika “We Come as Friends” ya mwaka 2014, Sauper aliruka kwa ndege ndogo aliyoiunda mwenyewe hadi Sudan, akaonyesha jinsi wageni wa kila namna walivyoikodolea macho ardhi ya Sudan Kusini. Zipo picha zisizosahaulika, lakini mara nyingi hukumu hutangulia ushahidi. “Epicentro” ya mwaka 2020, iliyopigwa Havana, ina watoto wachangamfu wenye akili kuliko maelezo ya mtengenezaji wenyewe. Ajabu ni kwamba filamu hiyo inazungumzia namna sinema ilivyotumika kudanganya watu wakati wa vita vya mwaka 1898. Anayeufahamu vizuri hivyo uwezo wa picha kupotosha, hana budi kujichunga kuliko wengine.

Kwa hiyo tunampenda Sauper, na tunamdai. Lakini deni jingine ni letu. Mwaka 2006 hasira ilikuwa nyingi, na majibu yenye takwimu yalikuwa machache. Ndugu zetu maofisa wa Bukoba na Muleba wangefanya vyema kuionyesha filamu hiyo Goziba, Kerebe na Mazinga, kisha wakae chini na kuwasikiliza wavuvi: lipi ni kweli, lipi limetiwa chumvi, na lipi halikusemwa kabisa. Maelezo hayo yaandikwe na kuhifadhiwa. Nao vijana wa visiwani wenye simu za kupigia picha waanze kuusimulia mwalo wao wenyewe, kuanzia karabai za dagaa usiku hadi mizani ya wakala asubuhi.

Mgeni akisimulia habari za nyumba yetu kwa kukosea, kumfokea hakutoshi. Dawa yake ni mwenyeji kuzisimulia kwa ukamilifu zaidi.