Somo la Kupanga Chumba Lianze Kabla ya Ufunguo

Mitihani ya kidato cha sita huisha mwezi Mei, na vyuo vikuu vya Tanzania hufunguliwa Oktoba au Novemba. Katika miezi hiyo ya kusubiri, kijana huelekezwa namna ya kuomba udahili, kujaza fomu za mkopo na kutafuta cheti cha kuzaliwa kilichopotea. Kupanga chumba hakumo katika maelekezo hayo, ingawa wengi watalazimika kukipanga. Mabweni yaliyozinduliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2017 yalijengwa kwa ajili ya wanafunzi 3,840, na idadi ya wanafunzi wa chuo hicho ni kubwa kuliko hiyo mara kadhaa. Anayekosa kitanda hubebana na mwenzake kwa siri au huingia mtaani: Changanyikeni, Msewe, Makongo, Sinza. Huko hufunga mkataba wa kwanza wa maisha yake, na huufunga akiwa dhaifu kuliko wakati mwingine wowote. Vipindi vimeanza, mabegi yako kwa rafiki, na dalali anamwambia kuna mteja mwingine yuko njiani na hela mkononi. Ushauri unaomfikia saa hiyo umechelewa. Kupanga nyumba ni ujuzi unaofundishika, na wakati wake ni kabla kijana hajasimama mbele ya mlango wa mtu.

Somo lenyewe lingeanza na hesabu. Tangu mwaka wa masomo 2022/23, mwanafunzi mwenye mkopo kamili wa chakula na malazi amewekewa shilingi 10,000 kwa siku. Bumu la siku 60, yaani mgawo mmoja wa mkopo huo, linampa basi 600,000, fedha ambazo kwa kijana anayezishika mara ya kwanza huonekana nyingi. Tuchukue chumba cha kawaida cha 80,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, yaani 480,000, na dalali anataka kodi ya mwezi mmoja kama ujira wake. Zinabaki 40,000, kabla ya godoro, ndoo na jiko. Ukizigawa kwa siku 60 hupati hata 700 kwa siku, na hiyo hainunui sahani ya wali maharage. Hesabu hii mtoto wa darasa la tano anaiweza, lakini mwanafunzi wa chuo huikuta imeshamtokea, kwa sababu alizoea kuuliza bei ya mwezi badala ya gharama ya kuingia. Angeipiga mapema, angetafuta wa kuchangia naye chumba, angeomba kulipa miezi mitatu mitatu, au angeanza kuweka akiba tangu Juni.

Baada ya hesabu huja ukaguzi. Chumba hutazamwa kwa macho ya mtu atakayelala humo mvua za masika zikinyesha, kwa hiyo alama ya maji ukutani ina habari kuliko rangi mpya. Umeme nao una maswali yake: mita ni ya chumba hicho peke yake, au wapangaji wanachangia LUKU na anayepikia jiko la umeme analipa sawa na mwenye taa moja? Tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU; mwanzoni ilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu 2023 ni 1,500. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo, lakini anayeingiza tokeni ndiye anayekatwa, na asiyejua hilo hawezi hata kuuliza kama atafidiwa. Zaidi ya yote, mpangaji anapaswa kujua anampa nani fedha. Dalali anayepokea kodi yote huku mwenye nyumba haonekani ni sababu ya kusita. Majirani wanamjua mwenye nyumba, na ofisi ya serikali ya mtaa nayo haikosi kumjua. Kuwauliza kabla ya kulipa hakugharimu chochote.

Jambo la tatu ni maandishi, na hapa wengi hudhani sheria haiwahusu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inautambua upangaji wa muda usiozidi mwaka mmoja hata kama mkataba wake ni wa mdomo. Inamtaka mwenye nyumba amwache mpangaji akae bila kubughudhiwa na, anapopangisha sehemu tu ya jengo, atunze paa, kuta kuu na sehemu za matumizi ya pamoja. Mpangaji naye anatakiwa kulipa kodi, kutunza chumba na kukirudisha kama alivyokikuta, ukiacha uchakavu wa kawaida. Ugomvi unapozuka, kazi kubwa huwa ni kuthibitisha mlikubaliana nini. Mali bila daftari hupotea bila habari. Karatasi moja yenye majina, kiasi, tarehe na muda wa notisi, iliyosainiwa mbele ya mjumbe, pamoja na kodi iliyolipwa kwa simu au benki ili ibaki kumbukumbu, humlinda mtu kuliko kumbukumbu ya maneno matamu ya siku ya kwanza.

Yupo atakayesema maarifa bila nguvu ni mzigo mtupu. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa 2005, vyumba ni vichache, na mwanafunzi anayeuliza maswali mengi ataambiwa akatafute kwingine. Hoja hiyo ina uzito, na somo hili haliwezi kushusha kodi wala kujenga mabweni. Lakini hasara nyingi za mpangaji mpya hazitokani na bei. Zinatokana na kumlipa asiye mwenye nyumba, kulipa bila risiti, na kuhamia bondeni wakati wa kiangazi. Hizo huepukika hata pale soko linapombana. Kenya nako kunatufunza. Wapangaji wengi huko hulipa kila mwezi na kuweka amana mwanzoni, na bado magomvi hayaishi. Yamehamia siku ya kutoka, amana inapokatwa kwa ajili ya rangi na kitasa. Sheria yao ya kudhibiti kodi inagusa makazi yasiyozidi shilingi 2,500 za huko kwa mwezi, kiwango ambacho vyumba vingi vya wanafunzi mijini vimeshakipita. Hata utaratibu wa malipo ukibadilika, asiyejua anachosaini atapoteza mahali pengine.

Wenye nyumba nao wana lao. Wengi wamejenga tofali kwa tofali kwa akiba yao, na kodi ya miezi sita ndiyo inayoezeka chumba kinachofuata. Wamewahi pia kukimbiwa na mpangaji usiku akiacha deni na mlango uliovunjika. Tukiwasikiliza kwa haki, tunaona kwamba hofu yao inapunguzwa na mpangaji aliyefundishwa: anayejua tarehe zake, anayetoa notisi, anayekabidhi chumba kikiwa kizima. Wengine watasema hii ni kazi ya wazazi, au kwamba mtaa wenyewe hufundisha. Mzazi aliyeishi maisha yake yote katika nyumba ya familia kijijini hana mkataba wa kumwonyesha mwanawe, na mtaa hufundisha kwa kutoza ada, ambayo mara nyingi ni bumu zima.

Gharama ya somo hili ni ndogo. Saa mbili za muhula wa mwisho wa kidato cha sita, au za wiki ya kupokea wanafunzi wapya chuoni, zinatosha kusoma mkataba mmoja mstari kwa mstari, kupiga hesabu ya kuingia, na kumsikia mwenyekiti wa mtaa na mwenye nyumba mmoja wakieleza magomvi wanayoyasuluhisha. Faida yake haiishii chumbani. Baada ya chumba kitakuja mkataba wa kazi, kisha mkopo, kisha kiwanja. Aliyezoea tangu umri wa miaka 20 kudai risiti ya kodi ya chumba ndiye atakayeuliza hati kabla ya kulipia kiwanja ambacho tayari kimeuzwa kwa wengine wawili.