Jeraha la Jembe na la Panga: Namna Linavyoshonwa

Ninyi mnaolima, na ninyi mnaochimba dhahabu, sikilizeni. Jembe, panga na mtalimbo hukata miguu na mikono ya watu. Jeraha likitunzwa vibaya laweza kumlaza mtu msimu mzima wa kulima, au kumwua. Kwa hiyo yafaa mjue namna mganga anavyoshona, ili msikawie njiani.

Kwanza, kazi ya nyumbani. Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi muda wa dakika 10, wala usifunue kuchungulia. Damu ikikoma, osha kwa sabuni na maji mengi yaliyochemshwa na kupoa. Usitie udongo, wala majivu, wala mavi ya ng'ombe: humo hukaa vijidudu vya pepopunda. Kisha funga, uende. Njia ya kutoka machimboni, kama kule Kamituga, ni mbaya; usingoje kesho.

Mbona haraka? Kwa sababu jeraha safi hushonwa upesi, kwa kawaida katika saa 6 za kwanza. Likichelewa, au likiwa na matope, au likiwa la meno ya mbwa, mara nyingi mganga huliosha na kuliacha wazi chini ya bendeji. Hulishona baada ya siku 4 au 5, kama halina usaha. Usimlaumu: mwenye kufunga uchafu ndani amefunga usaha ndani.

Pili, kushona. Mganga hudunga dawa ya ganzi, huosha tena, huondoa mawe na nyama iliyokufa. Sindano yake imepinda kama mwezi mchanga, naye huishika kwa koleo ndogo. Huiingiza karibu milimita 5 kutoka ukingoni, huipitisha chini, huitoa ng'ambo mahali palipo sawa na pale pa kwanza. Kila mshono hufungwa peke yake, ili mmoja ukikatika mingine ishike.

Tatu, fundo. Jaribu kwa kamba katika mpini wa jembe. Pitisha ncha ya kuume juu ya ile ya kushoto, kisha chini yake, uvute. Sasa chukua ncha iliyo kushoto, uipitishe juu ya ile ya kuume, kisha chini, uvute. Fundo hili hulala vizuri na kushika. Ukianza na kuume mara zote mbili, fundo hukaa upande na kuteleza. Aliyepotewa na mbuzi anajua hasara yake. Mganga huongeza fundo la tatu au zaidi, maana uzi wa nailoni huteleza. Wala hakazi sana: kingo zigusane tu. Nyama iliyonyongwa hukosa damu, nayo hufa.

Nyuzi za uso hutolewa karibu siku ya 5. Za kichwa, siku 7 hadi 10. Za miguu, siku 10 hadi 14. Ukiona usaha, homa, au taya kukaza, rudi siku ileile.

Basi, msishone watu nyumbani kwa uzi wa nguo. Nendeni kituo cha afya, mkaulize na sindano ya pepopunda. Majeraha makubwa hupelekwa Bukavu. Huko, katika Ibanda, iko hospitali ya Panzi iliyoanzishwa mwaka 1999. Jembe likivunjika hupata mpini mwingine, mguu haupati.